Barua ya ufadhili kutoka chuo kidogo cha Marekani: namna ya kuisoma kabla ya kutia saini

Kila mwaka kati ya Machi na Aprili habari huanza kuzunguka katika familia zetu za Lexington, Louisville, Dallas, Minneapolis na kwingineko: mtoto amepata skolashipu. Chuo chenyewe mara nyingi hakijulikani na mtu, kipo katika mji mdogo, kina wanafunzi elfu moja au elfu moja na mia tano, na barua inasema amepewa dola 26,000 kwa mwaka. Vigelegele vinapigwa, picha ya barua inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla wiki haijaisha mzazi ameshatia saini kila mahali alipoonyeshwa. Deni la miaka 20 huanzia kwenye haraka hiyo.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mlezi na mwanafunzi anayeishi Marekani akiwa raia, mwenye green card, au aliyepokelewa kama mkimbizi. Walio bado nyumbani nimewawekea sehemu yao karibu na mwisho, maana kanuni zao ni nyingine kabisa. Ukisoma yote na kusahau mengi, bakia na hili: ukubwa wa skolashipu haukuambii kama chuo ni nafuu. Kinachokuambia ni fedha inayobaki kulipwa baada ya skolashipu na ruzuku zote kutolewa, na nani ataitoa. Hiyo ndiyo nitakayoiita gharama halisi.

Hatua ya 1: Usiiogope bei ya kwenye tovuti, wala usilipende punguzo lake

Vyuo vidogo vya binafsi hutangaza bei ambayo ni wanafunzi wachache sana hulipa. Takwimu zinazotolewa kila mwaka na NACUBO, chama cha maafisa wa fedha wa vyuo, zinaonyesha kwamba kwa miaka kadhaa sasa vyuo binafsi visivyo vya kibiashara vimekuwa vikiwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya karo kwa wastani. Ni kama bei ya kwanza ya mchuuzi sokoni: imewekwa ipunguzwe. Kwa hiyo skolashipu yenye jina la rais wa chuo au la mkuu wa kitivo, pamoja na heshima yake yote, katika vyuo vingi ni punguzo linalotolewa karibu kwa kila anayekubaliwa. Mtoto ana haki ya kujivunia alama zake. Ila mzazi asihesabu punguzo hilo kama zawadi iliyoshuka kwa familia yake peke yake.

Upande wa pili ni muhimu zaidi, na familia nyingi za kipato kidogo hazijawahi kuelezwa. Kuna vyuo vidogo vyenye mifuko mikubwa ya akiba, kama Amherst, Bowdoin, Pomona, Swarthmore, Grinnell na Davidson, ambavyo huahidi kufidia mahitaji yote ya kifedha ya mwanafunzi bila kumwekea mkopo ndani ya ufadhili. Bei yao ya kwenye tovuti inatisha. Lakini kwa familia inayoingiza dola 45,000 kwa mwaka, chuo cha namna hiyo kinaweza kuwagharimu kidogo kuliko chuo kisicho na jina kinachotangaza nusu ya bei. Kuingia ni vigumu sana, nakubali. Mtoto mwenye alama za juu aombe hata hivyo, na familia zenye kipato kidogo husamehewa ada ya maombi.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuomba

Tangu Oktoba 2011, sheria ya shirikisho inataka kila chuo kinachopokea fedha za ufadhili za serikali kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Andika jina la chuo pamoja na maneno "net price calculator" kwenye Google, utakipata. Kaa na mtoto, wekeni mbele yenu fomu ya kodi ya karibuni, mjaze kwa takwimu za kweli. Andika jibu kwenye daftari, chuo kwa chuo.

Kisha fungua College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani inayotumika kwa sura yake ya sasa tangu 2015. Pale tazama mambo matatu. Kwanza, wastani wa gharama kwa familia za kipato chako: tovuti inazigawa kuanzia dola 0 hadi 30,000, kisha hadi 48,000, 75,000, 110,000 na zaidi ya hapo. Pili, deni ambalo mwanafunzi wa kati anaondoka nalo akihitimu. Tatu, asilimia ya wanaomaliza. Kwangu mimi hili la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayeumizwa zaidi na mkopo ni yule aliyekopa miaka miwili akaondoka bila shahada. Chuo ambacho chini ya nusu ya wanafunzi wake humaliza, nakihesabu ni cha hatari hata kikiwa cha bei ya chini.

Hatua ya 3: Jaza FAFSA, na ujue nani anaitwa mzazi

FAFSA, fomu ya kuomba ufadhili wa serikali ya Marekani, ni bure. Atakayekutoza fedha ili akujazie, mwache. Fomu huwa inafunguliwa Oktoba 1 kwa mwaka wa masomo unaofuata, na inatumia kodi ya miaka miwili nyuma. Mwanafunzi hufungua akaunti yake kwenye studentaid.gov, na mzazi ya kwake. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti pia. Fomu itamwita mzazi "contributor". Wazazi wengi hukwama hapo wakidhani wanaahidi kulipa. Hapana. Unatoa taarifa tu, na unaruhusu idara ya kodi ilete takwimu zako. Ruhusa hiyo itoe hata kama hukujaza kodi mwaka ule, la sivyo mtoto hatahesabiwa kwenye ufadhili wa serikali.

Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na zile zilizo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuliopitia kambini tumeandikwa tumezaliwa Januari 1, au jina la babu limegeuka jina la ukoo kwenye hati moja na kupotea kwenye nyingine. Kompyuta haijui historia hiyo. Ikikuta tofauti, inasimamisha fomu.

Sasa suala la mzazi. Kwetu baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama, na mtoto akilelewa na mjomba tangu ana miaka mitano, huyo ndiye mzazi wake. FAFSA haihesabu hivyo. Mzazi kwa FAFSA ni aliyemzaa mtoto, au aliyemwasili kisheria, au mke au mume wa sasa wa mmoja wao. Baba mdogo anayemlisha, kumvisha na kumpeleka shule haweki kipato chake kwenye fomu, na akikiweka, anamharibia mtoto hesabu.

Halafu uliza maswali haya kuhusu mtoto anayelelewa na jamaa. Je, wazazi wote wawili walikuwa wamefariki wakati wowote baada ya yeye kutimiza miaka 13? Je, kuna mahakama ya jimbo mnaloishi iliyompa jamaa ulezi wa kisheria? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, mtoto huhesabiwa kuwa anajitegemea, kipato cha mzazi hakiulizwi, na mara nyingi hupata Pell kamili, yaani ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Kama wazazi wako hai lakini wamebaki Uvira au Nyarugusu na hakuna mawasiliano, usikisie kipato chao. Kuna sehemu kwenye fomu inayouliza kama kuna hali isiyo ya kawaida, na kupewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi ya kisheria imetajwa katika kanuni kama mfano wa hali hiyo. Mtoto akichagua ndiyo, fomu inapita kwa muda kama ya anayejitegemea, kisha ofisi ya ufadhili ya chuo itaomba ushahidi: hati za uhamiaji, barua ya mwalimu, ya mchungaji au imamu, ya shirika lililowapokea. Anza kukusanya barua hizo mapema. Nimeona watoto wa namna hii wakiambiwa shuleni "rudi na sahihi ya mzazi" na wakaacha kabisa kuomba, na hilo linaniuma kuliko deni lolote.

Kuhusu mali: kiwanja au nyumba unayojenga nyumbani ni mali inayopaswa kutajwa, maana kinachosamehewa ni nyumba mnayoishi. Hata hivyo familia yenye kipato cha chini ya dola 60,000 na kodi isiyo na viambatisho vingi, au iliyopokea misaada kama SNAP au Medicaid katika miaka miwili iliyopita, kwa kawaida haiulizwi mali kabisa. Jibu ulichoulizwa, na ulijibu kwa ukweli. Fedha unazotuma kila mwezi kwa mama mzazi FAFSA haiziulizi. Zitaje katika rufaa, hatua ya 5.

Baadhi ya vyuo, hasa vile vyenye mifuko mikubwa, vitataka pia CSS Profile, fomu nyingine ya kuombea ufadhili wa chuo chenyewe. Hiyo inatozwa ada, lakini familia ya Marekani yenye kipato cha hadi dola 100,000 kwa kawaida husamehewa.

Hatua ya 4: Chukua kalamu, ipasue barua mafungu matatu

Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilichunguza barua za ufadhili ikakadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi gharama halisi ama vinaionyesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo usitegemee chuo kikufanyie hesabu hii. Tuchukue barua ya mfano, ya chuo kidogo cha kubuni, kwa mwanafunzi mwenye Pell kamili:

Karo na ada nyingine: dola 47,200
Malazi na chakula: dola 13,800
Vitabu, usafiri na matumizi: dola 4,000
Gharama yote ya mwaka: dola 65,000

Chini yake barua inaorodhesha "ufadhili wako":

Skolashipu ya rais wa chuo: dola 26,000
Ruzuku ya chuo: dola 6,000
Ruzuku ya Pell: dola 7,395
Ruzuku ya jimbo: dola 2,605
Direct Subsidized Loan: dola 3,500
Direct Unsubsidized Loan: dola 2,000
Federal Work-Study: dola 2,400
Parent PLUS: dola 15,100
Jumla: dola 65,000. Kilichobaki: 0

Sifuri hiyo ndiyo inayotia watu saini. Sasa weka alama. Fungu la kwanza ni fedha isiyorudishwa: mistari minne ya juu, jumla dola 42,000. Fungu la pili ni mkopo: popote uonapo neno "loan", au vifupisho kama "sub" na "unsub", au "PLUS", hiyo ni fedha ya kulipa na riba. Fungu la tatu ni kazi: "work-study" ni ruhusa ya kufanya kazi chuoni na kulipwa kidogo kidogo kwa saa alizofanya. Haikatwi kwenye bili ya Agosti, na mtoto asipopata kazi, fedha hiyo haipo.

Toa fungu la kwanza peke yake kwenye gharama yote: 65,000 kutoa 42,000 ni 23,000. Gharama halisi ya chuo hiki kwa familia hii ni dola 23,000 kwa mwaka. Barua ilisema sifuri.

Usiishie hapo. Bei ikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka huku skolashipu ikibaki ileile, mwaka wa pili ni dola 24,950, wa tatu karibu 26,960, wa nne karibu 29,030. Miaka minne inafika karibu dola 104,000. Fanya hesabu hii kwa kila chuo kilichomkubali mtoto, pamoja na chuo kikuu cha jimbo lenu na chuo cha jamii (community college) kilicho karibu, kisha zipange namba za miaka minne kwenye karatasi moja. Nimeona familia zikinyamaza kabisa mbele ya karatasi hiyo, kwa kuwa chuo kilichotoa skolashipu kubwa kuliko vyote ndicho kilikuwa ghali kuliko vyote.

Hatua ya 5: Piga simu, uliza, kata rufaa

Kuna jambo letu la heshima hapa: tunaona aibu kumuuliza mtu aliyetupa kitu kwa nini hakutupa zaidi. Ofisi ya ufadhili haioni ni utovu wa adabu. Ni kazi yao, na sheria inawapa mamlaka ya kurekebisha hesabu kulingana na hali ya familia.

Mwanafunzi mwenyewe ndiye aandike barua pepe, mzazi akiwa pembeni. Aeleze kilichobadilika tangu mwaka wa kodi uliotumika: mzazi amepunguziwa saa kiwandani, kuna bili za hospitali, kuna bibi mnayemtunza nyumbani. Aambatishe ushahidi: hati za malipo, barua ya mwajiri, risiti za kutuma fedha. Kama chuo kingine cha aina hiyohiyo kimetoa zaidi, aambatishe barua yake, na ataje kiasi kinachopungua. "Tunahitaji msaada zaidi" haimsaidii afisa. "Tumepungukiwa dola 6,000 ili aweze kuja" inampa kitu cha kufanyia kazi. Hakuna uhakika, lakini vyuo vidogo vinavyohangaika kujaza viti vina sababu ya kusikiliza, hasa kabla ya Mei 1, tarehe ambayo vyuo vingi hutaka jibu.

Katika simu hiyohiyo uliza haya, na uandike jina la aliyejibu. Skolashipu inaendelea miaka yote minne? Inahitaji wastani gani wa alama, na akishuka muhula mmoja anapewa nafasi ya kurudi? Inapanda karo ikipanda? Lazima aishi bwenini miaka mingapi? Swali hili la mwisho lina fedha nyingi, maana vyuo vidogo vingi hulazimisha bweni na mpango wa chakula, na huko ndiko bei isikopunguzwa. Na jingine: akipata skolashipu ya nje, ya kanisa, msikiti au chama cha jamii, mtapunguza nini? Baadhi ya vyuo hupunguza mkopo kwanza, jambo jema. Vingine hupunguza ruzuku yao wenyewe, na mchango wa jamii yote unaishia kukinufaisha chuo.

Hatua ya 6: Weka mpaka wa deni kabla hujapenda chuo

Mkopo wa serikali wa mwanafunzi mwenyewe una mipaka: kwa anayehesabiwa chini ya wazazi ni dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kwa kila mwaka unaofuata. Miaka minne ni dola 27,000. Sehemu yake, ile ya "subsidized", serikali inalipia riba wakati mtoto yuko masomoni; iliyobaki inaanza kuzaa riba tangu siku fedha inapotoka. Riba ya mwaka 2025–26 ilikuwa asilimia 6.39, na mkopo ukishatolewa riba yake haibadiliki.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imebadilisha ulipaji wa mikopo mipya kuanzia Julai 1, 2026. Katika mpango wa kawaida, muda sasa unategemea ukubwa wa deni: hadi dola 25,000 ni miaka 10, hadi 50,000 ni 15, hadi 100,000 ni 20, zaidi ya hapo 25. Dola 27,000 kwa riba hiyo ni karibu dola 234 kwa mwezi kwa miaka 15, jumla karibu 42,000. Mwanafunzi anaweza badala yake kuchagua mpango unaofuata kipato, uitwao RAP, ambao huchukua asilimia 1 hadi 10 ya kipato, na kinachobaki kusamehewa baada ya miaka 30.

Parent PLUS ni kitu kingine. Mkopo huo ni wa mzazi, kwa jina la mzazi, na mtoto hana wajibu wa kisheria kuulipa. Riba ya 2025–26 ilikuwa asilimia 8.94, na zaidi ya asilimia 4 hukatwa kabla fedha haijafika chuoni. Sheria mpya imeuwekea kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto, na mikopo mipya ya aina hii haiingii kwenye mpango wa kufuata kipato. Chukua barua yetu ya mfano: dola 15,100 mara nne ni 60,400. Hata bila kuhesabu riba inayorundikana mtoto akiwa masomoni, ni karibu dola 541 kila mwezi kwa miaka 20, jumla karibu 129,900. Mama wa miaka 48 anayefanya kazi za usiku kwenye ghala atakuwa analipa akiwa na miaka zaidi ya 70.

Msimamo wangu ni huu. Mkopo wa serikali wa mwanafunzi, ndani ya mipaka yake, unabebeka ikiwa chuo kina rekodi nzuri ya kuhitimisha. Lakini familia yenye Pell kamili ikiambiwa izibe pengo kwa Parent PLUS, chuo kimeshajibu swali: hakiwezi kumsomesha mtoto huyu. Kikataeni. Kukataa si lazima kuwe kuikataa barua nzima. Chuo kinakuruhusu kukubali ruzuku na kukataa mkopo mmoja mmoja, ili muone kama pengo linazibika kwa njia nyingine. Mkopo wa benki binafsi unaohitaji mdhamini uko mbali zaidi. Shemeji au rafiki wa kanisani akitia saini kama mdhamini, deni ni lake kama lilivyo la mtoto, na udugu umevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Hatua ya 7: Chunguza afya ya chuo chenyewe

Vyuo vidogo vinafungwa. Green Mountain College cha Vermont kilifungwa 2019. Birmingham-Southern cha Alabama, kilichoanzishwa 1856, na Wells College cha New York vilifungwa 2024, na mwaka huohuo University of the Arts ya Philadelphia ilifunga milango wiki moja tu baada ya kutangaza. Chuo kikifungwa kabla mtoto hajamaliza, mikopo ya serikali inaweza kufutwa kwa masharti, lakini miaka haifutiki, na si kila somo hukubaliwa anakohamia.

Wizara ya Elimu hukipa kila chuo cha binafsi alama ya uwezo wa kifedha, kuanzia hasi 1.0 hadi 3.0, chini ya 1.5 ni onyo. Tazama pia kama idadi ya wanafunzi imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Ukienda kutembelea, uliza ni idara zipi zimefungwa karibuni.

Vyuo vya kazi

Kuna kundi dogo la vyuo ambavyo ningependa kila familia yetu ivijue. Berea College, Kentucky, chini ya saa moja kwa gari kutoka Lexington kwa barabara ya I-75, kilianzishwa 1855 na hakijamtoza mwanafunzi karo tangu 1892. Hupokea wanafunzi wa kipato kidogo pekee, na kila mmoja hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki: jikoni, maktabani, shambani, kwenye karakana za ufundi. College of the Ozarks, Missouri, kinadai saa 15 kwa wiki pamoja na wiki mbili za kazi za saa 40, na hakishiriki mikopo ya serikali. Vyote viwili vina misingi ya Kikristo, na hilo familia iliangalie. Kwa Wakongo wa Lexington na Louisville, kutoomba Berea ni kuacha mlango wa jirani ukiwa wazi bila hata kubisha.

Kwa walio bado nyumbani

Mwanafunzi wa viza ya masomo, F-1, hapati Pell wala mkopo wa serikali ya Marekani. Fedha yake ni ya chuo, ya familia, au ya mfadhili. Amherst na Bowdoin havitazami uwezo wa kifedha wakati wa kumchagua mwanafunzi wa nje, na hufidia mahitaji yake yote. Berea huchukua idadi ndogo ya wanafunzi wa nje kila mwaka. Kwingine, gharama halisi hukokotolewa vilevile, ukiongeza ada ya SEVIS (ya kusajiliwa kama mwanafunzi wa nje) ya dola 350, viza, nauli na bima ya afya ya chuo. Kuna gharama moja ambayo karibu kila mtu hustuliwa nayo: sehemu ya skolashipu inayolipia malazi na chakula hutozwa kodi, na chuo hukata asilimia 14. Skolashipu ya malazi ya dola 14,000 ina kodi ya dola 1,960, na mtoto anadaiwa hiyo taslimu.

Chuo kitataka uthibitisho wa fedha ya mwaka wa kwanza kabla ya kutoa fomu ya I-20, ambayo ndiyo huombewa viza. Usiazime salio la benki la jamaa kwa wiki mbili ili lionekane kwenye karatasi. Viza itatoka, na Agosti bili itakuja kwa mtu asiye na fedha, katika nchi inayomruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, ndani ya chuo. Pia, tangu Juni 2025 Marekani imezuia viza kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa miongoni, na orodha imekuwa ikibadilika. Angalia tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa ada yoyote.

Hatua ya 8: Bili ya Julai

Umeshachagua, amana imelipwa. Bili ya kwanza huja Julai au mwanzo wa Agosti, ya muhula mmoja. Iweke kando ya barua ya ufadhili, upige tiki ruzuku moja moja: kila moja inapaswa kuonekana ikiwa imegawanywa nusu. Isiyoonekana, piga simu siku hiyohiyo. Mara nyingi ni hati moja haijawasilishwa. Omba mpango wa kulipa kwa mwezi, ambao vyuo vingi hutoa bila riba kwa ada ndogo. Kisha tafuta mstari wa bima ya afya. Vyuo vingi humwingiza mwanafunzi kwenye bima yao bila kumuuliza, na bei yake hufika maelfu ya dola kwa mwaka. Mtoto akiwa na Medicaid au bima ya kazini kwa mzazi, kuna fomu ya mtandaoni ya kuikataa, na ina tarehe ya mwisho. Kabla ya kuikataa, hakikisha bima yenu inatibu mahali chuo kilipo, kwa sababu Medicaid ya jimbo moja kwa kawaida haivuki kwenda jimbo jingine isipokuwa kwa dharura. Kama inatibu, jaza fomu usiku huohuo na uhifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho.